Alkani zenye matawi: chagua kwanza, jina baadaye

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza hapa Bukavu, iwe kemia, biolojia au famasi, pamoja nanyi wa humanités (sekondari) mnaojiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari: kemia ogani ina sura ngumu, na hii ya majina ya alkani (molekuli za kaboni na hidrojeni tu, zenye vifungo moja-moja) zenye matawi si mojawapo. Hata hivyo, kila mwaka ndiyo inayowanyang'anya watu pointi za bure. Kazi yangu ni kusahihisha makaratasi ya intero (majaribio ya darasani), kwa hiyo nasema ninachokiona. Wengi wanaokosa wanazijua kanuni. Mwamshe mmoja wao usiku wa manane, atakuimbia: mnyororo mrefu, namba ndogo, alfabeti. Mpe mchoro sasa, anaandika jina kabla macho hayajapita kwenye mchoro wote. Kanuni anazo, kuchagua hajachagua.

Kuipa alkani jina ni kuchagua mara mbili. Kwanza unachagua mnyororo mkuu ni upi, halafu unachagua uanze kuhesabu kutoka mwisho upi. Ukishachagua vizuri, kilichobaki ni kuandika tu. Ukichagua vibaya, hata ukiandika kwa mwandiko mzuri namna gani, umetaja kitu kwa jina lisilo lake, au umekibandika jina la kitu kingine kabisa.

Methani haina tabu hiyo. Ile iliyoyeyuka kwenye maji ya chini ya Ziwa Kivu, inayokadiriwa kuwa kama kilomita za ujazo 60, ni kaboni moja na hidrojeni nne, basi. Ethani na propani pia zina umbo moja tu kila moja. Mambo yanaanzia kwenye kaboni nne: C4H10 inaweza kuwa mstari mmoja, au kaboni tatu na ya nne imetoka pembeni. Maumbo hayo tofauti ya fomula moja yanaitwa isomeri. Kaboni tano zinatoa isomeri 3, sita zinatoa 5, saba 9, nane 18, tisa 35, kumi 75. Ukifika kaboni ishirini ni 366,319. Sasa nani atakariri majina hayo? Ndiyo maana wanakemia walikutana Geneva mwaka 1892 wakaweka mpango wa majina ambao, baada ya kurekebishwa mara kadhaa, ndio huu IUPAC (umoja wa kimataifa wa kemia) inaousimamia leo.

Hapa naandika majina kwa matamshi yetu: methani, ethani, butani. Kwenye karatasi ya mtihani utaandika Kifaransa chake pamoja na alama zake za juu, 3-éthyl-2-méthylpentane. Mpangilio ni uleule. Jambo moja tu la tahadhari kwa mnaosomea vitabu vya kurithi kutoka kwa kaka na dada zenu: vitabu vya Kifaransa vya zamani viliweka namba nyuma ya tawi, "méthyl-2 butane" badala ya 2-méthylbutane. Si kosa la chapa, ni desturi ya wakati ule. Leo namba inatangulia, na wewe fuata ya leo.

Cha kukariri ni kidogo: methani, ethani, propani, butani, pentani, heksani, heptani, oktani, nonani, dekani. Kaboni moja hadi kumi. Tawi linapata jina kwa kubadilisha mwisho: methili ni CH3, ethili ni CH2CH3, propili kaboni tatu, butili nne. Kama bado unahesabu vidole ili ujue heptani ni ngapi, simama hapo, yaweke hayo kichwani kabla ya kuendelea. Mengine yote ni akili, hayataki kukaririwa.

Tuje kwenye mnyororo mkuu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoangukia.

Mnyororo mkuu ni ule wenye kaboni nyingi kuliko yote zinazofuatana bila kukatika. Sikusema ule ulionyooka. Mwalimu akichora kwenye tablo, mara nyingi anaweka mstari mmoja wa mlalo na vitu vinavyoning'inia juu na chini, na jicho linadanganyika kwamba ule mlalo ndio mkuu. Barabara ya Uvira inavyojikunja pale miteremko ya Ngomo, hakuna dereva anayesema kwenye kila kona kwamba ameingia barabara nyingine. Mnyororo ni hivyo hivyo: unaweza kushuka, kupanda, kurudi kushoto, bado ni mmoja. Vifungo vya kaboni vinajizungusha, na karatasi ni bapa, haiwezi kukuonyesha hilo.

Njia ya kutodanganyika ipo, na ni ya kuhesabu, si ya kutazama. Katika alkani yoyote, ukitoa methani peke yake, kila ncha ya molekuli ni CH3. Kwa hiyo anza kwa kuzungushia duara kila CH3. Mnyororo mkuu lazima uanzie kwenye CH3 moja na uishie kwenye CH3 nyingine, hauna pengine pa kuanzia. Ncha zikiwa tatu, njia za kupima ni tatu. Zikiwa nne, ni sita. Pita zote kwa kalamu ya risasi, andika idadi ya kaboni pembeni, kisha chukua iliyo kubwa. Mwanzoni inaonekana ni kupoteza muda. Baada ya wiki mbili za mazoezi jicho litakuwa linafanya lenyewe, lakini usianze na jicho.

Tazama hii: CH3–CH(CH2CH3)–CH2–CH3. Mlalo una kaboni nne, na kwenye ya pili ananing'inia ethili. Wengi wanaandika 2-ethilibutani na kusonga mbele. Sasa zungushia CH3: ziko tatu, mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja mwisho wa ethili. Toka ile ya ethili nenda hadi ya kulia: CH3, CH2, CH, CH2, CH3. Tano. Mnyororo mkuu ni pentani, na kilichobaki ni CH3 ya kushoto, imekaa kwenye kaboni ya tatu. Jina ni 3-methilipentani.

Kutoka kwenye mfano huo mnaweza kutoa kipimo ambacho mimi nakipenda kuliko kanuni zote, kwa sababu kinafanya kazi hata bila mchoro. Methili haiwezi kukaa kwenye namba 1, maana ikikaa hapo imerefusha mnyororo, si tawi tena. Ethili haiwezi kukaa kwenye 1 wala 2. Propili ya kunyooka haiwezi kukaa kwenye 1, 2 wala 3. Na hivyo hivyo ukihesabu kutoka upande wa pili. Ukiona jina lina 2-ethili au 1-methili, lako au la jirani yako, usisumbuke kujua mengine: mnyororo ulichaguliwa vibaya. Katika maswali ya kuchagua jibu ya Examen d'État, kipimo hiki kinaweza kufuta majibu mawili kabla hujachora chochote.

Kuna wakati minyororo miwili inalingana kwa urefu. Chukua CH3–CH2–CH(CH2CH3)–CH(CH3)2. Ukipita kutoka kushoto hadi mwisho wa ethili, unapata kaboni tano. Ukipita kutoka kushoto hadi kwenye CH3 mojawapo ya kulia, tano tena. Ukichukua ule wa kwanza, umebakiwa na tawi moja kubwa lenye kaboni tatu na lenyewe lina tawi ndani yake. Ukichukua wa pili, umebakiwa na matawi mawili mepesi, ethili na methili. Kanuni inasema: urefu ukilingana, chagua mnyororo wenye matawi mengi zaidi. Kwa hiyo ni 3-ethili-2-methilipentani, si 3-isopropilipentani. Wanafunzi wanaiona kanuni hii kama adhabu, mimi naiona kama huruma: matawi mengi madogo ni rahisi kuyataja kuliko tawi moja lililosokotana.

Sasa chaguo la pili, mwisho wa kuanzia kuhesabu.

Tawi likiwa moja hakuna ubishi, unaanzia upande ulio karibu nalo. 3-methilibutani haipo, ni 2-methilibutani iliyosomwa kinyume. Matawi yakiwa mawili au zaidi, andika orodha mbili za namba, moja kutoka kushoto na moja kutoka kulia, kila orodha kuanzia ndogo kwenda kubwa. Linganisha namba ya kwanza ya orodha hii na ya kwanza ya ile. Zikilingana, nenda ya pili. Zikilingana tena, ya tatu. Pale zinapotofautiana kwa mara ya kwanza, yenye namba ndogo imeshinda na mchezo umekwisha. Heksani yenye methili tatu inayosomeka 2,3,5 upande mmoja na 2,4,5 upande wa pili: mbili na mbili sare, tatu ni ndogo kuliko nne, basi ni 2,3,5-trimethiliheksani.

Nawaomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu kuna kanuni ya uongo inayotembea kwenye kaye (daftari) za watu, nimeikuta hata kwenye silabi (maandishi ya somo) zilizopigwa fotokopi hadi herufi zimefifia. Inasema: jumlisha namba, upande wenye jumla ndogo ndio sahihi. Haikuandikwa na mjinga, kwa sababu mara nyingi inatoa jibu sahihi. Kwenye mfano wa juu, 2+3+5 ni 10 na 2+4+5 ni 11, na jibu limetoka lilelile. Hiyo ndiyo hatari yake: inakuzoesha kuiamini. Sasa chora dekani yenye methili tatu namna hii:

CH3–CH(CH3)–CH2–CH2–CH2–CH2–CH(CH3)–CH(CH3)–CH2–CH3

Kutoka kushoto ni 2,7,8. Kutoka kulia ni 3,4,9. Ukijumlisha, kushoto unapata 17 na kulia 16, na mtu wa jumla ataandika 3,4,9 akiwa na uhakika kabisa. Amekosa. Tofauti ya kwanza iko kwenye namba ya kwanza, mbili dhidi ya tatu, mbili imeshinda. Jina ni 2,7,8-trimethilidekani. Profesa anayetaka kujua nani ameelewa na nani amekariri ataleta molekuli ya namna hii. Futeni neno jumla kwenye kaye zenu.

Na orodha zikilingana kabisa pande zote mbili? Hapo tu ndipo alfabeti inaingia kwenye kuhesabu. Heptani yenye ethili na methili kwenye nafasi ya tatu na ya tano: kushoto 3,5, kulia 3,5. Inayotangulia kwa alfabeti inapewa namba ndogo, ethili kabla ya methili, kwa hiyo 3-ethili-5-methiliheptani. Lakini angalieni mpaka wake. Namba zisipolingana, alfabeti haina sauti yoyote kwenye kuhesabu. Heksani yenye methili kwenye 2 na ethili kwenye 4 upande mmoja, inasomeka 3 na 5 upande wa pili. 2,4 imeshinda, hata kama ethili ndiyo imepata namba kubwa. Ukiandika, ethili bado inatangulia mdomoni: 4-ethili-2-methiliheksani. Namba zinapangwa na nafasi, maneno yanapangwa na alfabeti. Hayo ni mambo mawili, na anayeyachanganya ataandika 2-methili-4-ethili kila siku.

Kuhusu alfabeti yenyewe, sina maneno mengi. Di, tri na tetra (mbili, tatu, nne) hazihesabiwi: 3-ethili-2,2-dimethilipentani, ethili mbele, kwa sababu tunalinganisha e na m, si e na d. Sec na tert, alama za matawi fulani tutakayoyaona chini, hazihesabiwi pia. Iso inahesabiwa, isopropili inakaa kwenye i. Kwa nini iso iingie na tert isiingie? Kwa sababu tert inaandikwa na kistari, imesimama kando. Iso imeungana na neno. Ni desturi, ichukueni kama ilivyo.

Kuna kosa dogo la kuandika ambalo linanikera kuliko makubwa, maana anayelifanya ameshaelewa kila kitu. Idadi ya namba lazima ilingane na idadi ya matawi. Methili mbili kwenye kaboni moja zinaandikwa 2,2, namba imerudiwa. "2-dimethilipropani" inataja matawi mawili na nafasi moja. "2,2-methilipropani" inataja nafasi mbili na tawi moja. Zote mbili zinakatwa pointi. Koma kati ya namba na namba, kistari kati ya namba na herufi, na tawi la mwisho linashikana na jina la mnyororo bila nafasi: 2,2-dimethilipropani.

Fomula iliyofupishwa inawatisha wengi kwa sababu haina mchoro. Dawa ni kuifungua. Hii hapa: (CH3)3CCH2CH(CH3)2. Kilicho kwenye mabano kimeshikamana na kaboni iliyo jirani yake. Mwanzoni mwa fomula mabano yanasubiri kaboni inayofuata, kwingine yanarudi kwenye kaboni iliyotangulia. Kwa hiyo CH3 tatu zimeng'ang'ania C ya kwanza, kisha CH2, kisha CH yenye CH3 mbili. Ncha ni tano. Njia ndefu kuliko zote: CH3 yoyote ya kushoto, C, CH2, CH, CH3 yoyote ya kulia. Kaboni tano, pentani. Matawi yaliyobaki ni methili tatu. Kutoka kushoto 2,2,4, kutoka kulia 2,4,4. Namba ya kwanza sare, ya pili mbili dhidi ya nne. Jina: 2,2,4-trimethilipentani.

Nimeichagua kwa makusudi. Kila siku mnapita mbele ya vijana wanaouza mafuta kando ya barabara, wale tunaowaita Kadhafi, na ubora wa petroli ile kuhusu kutogonga ndani ya injini unapimwa kwa kuilinganisha na molekuli hiyo. 2,2,4-trimethilipentani imepewa namba 100 kwenye kipimo cha oktani, na heptani isiyo na tawi imepewa 0. Petroli ya 95 inagonga sawa na mchanganyiko wa 95 kwa 5 wa hizo mbili. Matawi yanaisaidia molekuli isilipuke kabla ya wakati wake. Wauzaji na viwanda wanaiita isooktani, na jina hilo limeshawachanganya wanafunzi wengi, kwa sababu kwa desturi ya zamani ya iso, yaani methili moja kwenye kaboni ya pili na mengine yote yamenyooka, isooktani ingekuwa 2-methiliheptani. Kwenye mtihani usiandike isooktani. Andika la IUPAC, halina ubishi.

Tawi si kitu cha mapambo. Pentani inachemka kwenye nyuzi 36 za Selsiasi, 2-methilibutani kwenye 28 hivi, 2,2-dimethilipropani kwenye 9.5. Fomula ni moja, C5H12, lakini kadiri molekuli inavyozidi kuwa duara ndivyo inavyopungua kushikamana na wenzake. Na hizo ni nyuzi za kando ya bahari. Hapa kwetu, karibu mita 1,500 juu, zote zinachemka mapema kidogo. Ile ya tatu ukiifungua mchana wa Bukavu tayari ni gesi. Ukikosea jina kwenye chupa ya maabara umekosea chupa.

Yale matawi yenye matawi ndani yake ndiyo wengi wanayakimbia. Kanuni ni fupi: kaboni ya tawi iliyoshika mnyororo mkuu ndiyo namba 1 ya tawi kwa mtindo huu, hata kama upande mwingine ungekupa namba nzuri zaidi. Kutoka hapo tafuta njia ndefu ndani ya tawi, taja vinavyoning'inia, funga yote kwa mabano. Isopropili inakuwa (1-methiliethili). Isobutili ni (2-methilipropili), sec-butili ni (1-methilipropili), tert-butili ni (1,1-dimethiliethili). Mapendekezo ya IUPAC ya 2013 yamekwenda mbali zaidi, yanapendelea propani-2-ili badala ya isopropili, ingawa tert-butili imebakizwa. Msipigane na mwalimu kwa ajili ya hayo. Tazameni anachoandika kwenye tablo na mwandike hicho, mradi mnajua vyote vinamaanisha nini.

Kwenye matawi ya mabano, alfabeti inabadilika kidogo: di iliyo ndani ya mabano inahesabiwa, kwa sababu ni sehemu ya jina la tawi lenyewe. 5-(1,2-dimethilipropili)-3-ethilinonani: d kabla ya e, safari hii kweli. Mwaka wa kwanza hamtaombwa zaidi ya hapo.

Mkishaandika jina, msiondoke. Kuna ukaguzi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kuhesabu: 4-ethili-2-methiliheksani ni 6 na 2 na 1, jumla kaboni 9, alkani yenye kaboni 9 ina hidrojeni mara mbili yake na mbili zaidi, 20. Rudi kwenye mchoro uliopewa, hesabu. Ikiwa mchoro una kaboni 10, kuna tawi umelisahau mahali. Ukaguzi wa pili una nguvu zaidi: funika mchoro wa swali, chora molekuli kutoka kwenye jina lako peke yake, kisha funua ulinganishe. Jina sahihi linamwezesha mtu ambaye hajawahi kuona karatasi yako kuchora kitu kilekile. Ukaguzi huu haukamati mnyororo mfupi, kwa sababu 2-ethilibutani nayo inachoreka vizuri tu. Hapo rudi kwenye kipimo cha 2-ethili nilichosema. Kila kimoja kina kazi yake.

Kuhusu kujifunza kwenyewe: someni watu watatu. Wa kwanza achore molekuli yoyote, aichore kwa makusudi imejikunja. Wa pili aitaje. Wa tatu, ambaye hakuona mchoro, achore kutoka kwenye jina. Ugomvi utakaotokea hapo unafundisha kuliko saa mbili za oditwari (ukumbi wa mihadhara). Na kama mna udongo wa mfinyanzi na vijiti vya kuchokolea meno, tengenezeni kaboni za mkono, kila tonge vijiti vinne vilivyotawanyika pande zote. Ukiunganisha sita na kuzizungusha mkononi, unaona kwa macho yako kwamba umbo la L na umbo la mstari ni heksani moja. Mtu akishaona hilo mara moja, haandiki tena isomeri saba za heksani. Ni tano: heksani, 2-methilipentani, 3-methilipentani, 2,2-dimethilibutani na 2,3-dimethilibutani. Anayepata zaidi ya hizo ameandika moja mara mbili akiwa ameigeuza, na anaweza kujikamata kwa kuipa kila moja jina: mbili zenye jina moja ni kitu kimoja.

Kwa mazoezi ya wiki hii, tafuteni isomeri zote za C7H16. Ziko tisa, msiridhike na nane, na ile inayosahaulika zaidi ni 3-ethilipentani. Halafu majina haya matatu yote yana kosa, yasahihisheni kwa kuchora: 2-ethilipentani, 3,4-dimethilipentani, 2-isopropilibutani. La kwanza linageuka 3-methiliheksani. La pili lilihesabiwa kutoka mwisho usio wake, na la tatu lilichaguliwa mnyororo mfupi. Mkimaliza kuyachora yote mawili mtakuta ni molekuli ileile, 2,3-dimethilipentani.